Daraja Litabaki Wazi

Machi 9

Kazi yetu ina sheria moja inayoniudhi. Kila karatasi niliyoandika kibandani inakusanywa jioni na kusagwa kwenye mashine, nikiwa nimesimama pale pale naangalia. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Humu nitaandika yasiyo siri, yaani hasira zangu, kwa kuwa hizo hakuna aliyewahi kuja kuzikusanya.

Mimi ni mkalimani. Nakaa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi wa hoteli, hedifoni masikioni, na mgeni akisema neno kwa lugha yake, mimi nalisema kwa lugha yetu sekunde mbili baadaye. Tuko wawili, tunapokezana kila nusu saa, mimi na Mwalimu. Namwita Mwalimu kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi hii miaka kumi na tisa iliyopita, na mpaka leo hajaacha kunifundisha. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba ukishawasha kipaza sauti, wewe hupo. Mgeni akisema "mimi", na wewe unasema "mimi". Husemi "mheshimiwa anasema kwamba". Akikasirika unakasirika naye, akiomba radhi unaomba radhi, ukimaliza unakunywa maji yako na kurudi kuwa mtu wa kawaida.

Leo mazungumzo yameanza. Nchi ya Juu na nchi ya Chini zinapigania mto mmoja, ambao ukitoka kwao unapita na kwetu. Wamekuja kuzungumzia hapa kwa kuwa sisi ni jirani wa wote wawili na tunajigamba kwamba hatuna upande. Mataifa makubwa yametuma msuluhishi, mzee mrefu mwenye sauti ya upole na soksi za rangi ya samawati. Katika hotuba yake ya ufunguzi amesema "tuna wasiwasi" mara kumi na moja. Mimi na Mwalimu tumeshampa jina: Mzee Wasiwasi.

Machi 10

Mvua ya kwanza. Hotelini wote wanaishangilia. Wanasema njia zitakuwa tope, vifaru vitakwama, vita vitalala wenyewe mpaka mvua ziishe.

Machi 13

Mdogo wangu amepiga simu wakati wa chakula cha mchana. Ameolewa upande wa Chini, kwenye mji wa mpakani, na nyumba yake iko karibu na daraja kiasi kwamba akianua nguo anaiona bendera yetu ikipepea ng'ambo. Ni mkunga. Nimemwambia achukue watoto aje, mazungumzo hayaendi vizuri, mimi niko ndani ya chumba na nawaona hawa watu usoni. Akasema ana wanawake kumi na mmoja wa kujifungua mwezi huu, na kama nimepata namna ya kuwaambia watoto walio tumboni wasubiri mazungumzo yaishe, nimjulishe.

Mama, ninayeishi naye, aliponyang'anya simu alikuta imeshakatika. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeikata.

Machi 17

Nataka kueleza jambo moja linalonila roho. Kutoka kibandani naona vichwa vyote ukumbini, kwa hiyo najua nani amevaa hedifoni na nani amezivua. Mkuu wa ujumbe wa Juu, bwana mnene mwenye pete mbili, huvaa zake wakati wa salamu. Mzee Wasiwasi akianza tu hoja, bwana huyu huzivua, huziweka mezani taratibu na kuanza kukata kucha. Leo nimezungumza nusu saa nzima na meza. Nimetafuta maneno mazuri, nimepandisha sauti palipopandishwa, nimeshusha palipohitaji huruma, na maneno yote hayo yametoka kwenye hedifoni kwa sauti ya mbu na kuishia kwenye kitambaa cha meza.

Nilimwambia Mwalimu kwamba tunalipwa kuwasemesha fanicha. Akanijibu kwamba fanicha nayo inastahili tafsiri sahihi.

Machi 18

Mvua. Kikao kimeahirishwa. Sababu haikutolewa.

Machi 24

Mzee Wasiwasi amepanda ngazi. Tulianza na wasiwasi, wiki iliyopita tukafika wasiwasi mkubwa, leo ametamka vikwazo. Mimi mwenyewe nilidhani sasa kimeeleweka. Bwana wa pete mbili akaomba nafasi. Alisema, kwa adabu zote, kwamba wao waliwekewa vikwazo mwaka juzi, wakapata marafiki wengine, na marafiki hao hawaulizi maswali mengi. Kisha akamtikisia kichwa mgeni mmoja anayekaa kwenye kona ya ukumbi, mwakilishi wa taifa jingine kubwa, ambaye tangu siku ya kwanza hajafungua mdomo isipokuwa kula biskuti. Mgeni wa kona akatabasamu. Silaha za Juu zinatoka kwao, kila mtu anajua, hata wahudumu wa chai wanajua.

Nilitafsiri yote hayo kwa sauti tulivu. Nilipozima kipaza sauti nikagundua nimeivunja kalamu.

Machi 29

Kumbe vifaru havikwami. Jeshi la Juu limeshuka bondeni kwenye tope hilo hilo tulilokuwa tunaliombea. Mdogo wangu amepiga simu na kwa nyuma nilisikia mlio, nikamuuliza ni radi? Akasema asubuhi walidhani ni radi.

Nimemsihi. Nimemwambia wewe si mkunga peke yako duniani. Akasema wamebaki wajawazito wawili tu, wakishajifungua anafunga mizigo. Mume wake, shemeji yangu, ni fundi wa magari na ana lori moja kuukuu analolipenda kuliko kitu chochote chenye injini. Amelitengeneza, amelijaza mafuta, anasubiri neno la mke wake. Shemeji ni mtu wa mizaha. Alichukua simu akaniambia, "Shemeji, huyo mzee wako bado ana wasiwasi tu? Mwambie sisi huku tulishamaliza wasiwasi, tuko kwenye kuhara."

Mama hakucheka. Anasema kila siku ananiona natoka nimevaa vizuri kwenda kuongea na wakubwa, sasa hao wakubwa wanafanya nini? Nikamwambia wanaongea. Akasema hata yeye anaweza kuongea, tena bila kuletewa gari mlangoni.

Aprili 2

Nimemkuta Mzee Wasiwasi kwenye korido, amesimama mbele ya birika la chai anahangaika na bomba lake. Nikamfungulia. Hajui kwamba nina ndugu kule na sikuwa na nia ya kumwambia, sisi wakalimani hatufanyi hivyo. Lakini alikuwa amechoka na mtu akichoka hujiongelesha. Alisema watu wanadhani ameshika kamba mkononi, akiivuta hawa wanasimama. Hana kamba. Ana simu tu, na siku hizi wanapokea wanapotaka.

Nikakumbuka jinsi tunavyomcheka kibandani, nikaona haya kidogo. Usiku mzima anapata usingizi wa saa tatu tu, anasema, na mke wake amemwambia akirudi asirudi na mabegi ya kazi. Nikamwekea sukari. Si mtu mbaya. Nilitamani awe mbaya, ingenirahisishia.

Aprili 3

Mwalimu anakohoa. Nimefanya zamu tano.

Aprili 4

Habari njema, hatimaye. Mama wa mwisho amejifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, na mdogo wangu amesema Jumamosi alfajiri wanaondoka, yaani keshokutwa. Mama ameshaanza kuhamisha vitu vyangu kutoka chumba cha nyuma bila kuniuliza. Vitabu vyangu viko jikoni. Nimemwacha.

Aprili 5

Ijumaa. Naandika nikiwa bado hotelini, nasubiri gari, na nimejaa furaha ambayo sijaizoea humu ndani.

Tangu jana Mzee Wasiwasi alikuwa habanduki kwenye simu. Saa nane mchana tukaambiwa kuna mkutano na waandishi wa habari, utarushwa redioni moja kwa moja. Ilikuwa zamu ya Mwalimu lakini kifua kimembana, akikohoa mara moja anakohoa mara kumi, kwa hiyo nikakaa mimi.

Mzee aliingia akitembea kama kijana. Majemadari wa Juu na wa Chini, wote wawili, wamekubali kwa mdomo wao kutougusa mji wa mpakani. Waangalizi arobaini wenye magari meupe wako darajani tangu asubuhi. Na mimi nikasema, kwa sauti yake, au yeye akasema kwa sauti yangu, sijui niiwekeje:

"Nawahakikishia wakazi wa mji wa mpakani. Daraja litabaki wazi. Hakuna sababu ya mtu yeyote kuiacha nyumba yake. Ninyi mama zetu, ninyi wazazi, kaeni na watoto wenu. Nimetoa neno langu, na nitalisimamia."

Sijawahi kutafsiri vizuri hivyo. Wakati mwingine maneno yanakuja yamejipanga yenyewe na wewe unayapisha tu. Nilipofika kwenye "mama zetu" sauti ilitaka kunikatika na sikuizuia, kwa sababu na yeye yake ilikatika. Mwalimu, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajanisifu ila kwa kutonikosoa, alinipiga kofi dogo begani.

Naona gari limefika.

Aprili 6

Jumamosi. Tumekaa kibarazani tangu asubuhi, Mama na mimi, mpaka saa saba. Hawakuja. Saa nane mdogo wangu akapiga. Akasema wamesikia redioni kwamba daraja halifungwi, kwa hiyo wameamua kutulia kwanza, kuna mama mwingine ana dalili mbaya, miezi saba tu.

Lazima niandike hili kwa kuwa ni kweli: sikubishana naye. Ningeweza. Nilikuwa na simu mkononi na salio la kutosha. Badala yake nilimwambia, sawa, hata mimi naona safari hii wamesema kweli, niliwaona kwa macho yangu. Nilimwambia hata jinsi mzee alivyoingia akitembea kama kijana.

Mama akachukua vitabu vyangu jikoni akavirudisha chumbani, kimoja kimoja.

Aprili 8

Daraja limefungwa.

Halikufungwa na Juu. Halikufungwa na Chini. Limefungwa na sisi. Saa kumi na moja alfajiri jeshi letu limeshusha geti upande wetu, wakaweka mifuko ya mchanga na tangazo la mstari mmoja kwamba ni kwa usalama wa taifa. Serikali yetu, inayotoa ukumbi, chai na biskuti, haijatia saini ahadi yoyote kwa kuwa hakuna aliyeiletea ahadi ya kutia saini. Wakubwa walizunguka dunia nzima kutafuta neno la majemadari wawili, wakamsahau mwenye nyumba.

Na mimi pia nilimsahau. Mimi mzaliwa wa hapa, ninayelijua geti lile, niliyelivuka siku ya harusi ya mdogo wangu nikiwa nimebeba zulia kichwani. Wala halikunijia akilini.

Nilimpigia. Akapokea kwa sauti ya kawaida kabisa. Alisema wako kwenye foleni mbele ya geti tangu alfajiri, watu ni wengi, shemeji anagawa maji ya kwenye dumu la lori. Akasema labda watafungua mchana.

Aprili 9

Nimevunja kanuni zote za kazi kwa siku moja.

Asubuhi sikwenda kibandani. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha Mzee Wasiwasi, nikabisha, nikamweleza. Mdogo wangu, mume wake, mabinti wawili, mmoja ana miaka tisa, mwingine minne. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia ana wasiwasi, na kwa hilo namshukuru. Akavuta simu akasema atampigia kanali anayesimamia geti, na akaniomba nikae karibu, kwa sababu kanali hajui lugha yake na yeye hajui yetu. Hakukuwa na mkalimani mwingine. Mwalimu yuko kitandani kwake na kifua chake.

Kwa hiyo nilimwombea mdogo wangu kwa sauti yangu, lakini kwa maneno ya mtu mwingine. Nilisema, "Kanali, mimi ni msuluhishi wa mataifa. Nakuomba uruhusu familia moja. Ni mkunga, mume wake na watoto wawili." Nilisema kwa utulivu, kama ninavyosema habari za kilimo. Mikono ilikuwa chini ya meza.

Kanali aliuliza familia hiyo ina nini cha zaidi kuliko nyingine elfu mbili zilizoko mbele yake. Mzee akasema, nami nikasema, kwamba alitoa ahadi hadharani na anaomba heshima yake ilindwe. Kanali akajibu bila hasira. "Mwambie mgeni wetu hivi. Aliwauliza wa Juu, wakakubali. Aliwauliza wa Chini, wakakubali. Sisi alituuliza lini?"

Nikatafsiri. Mzee akafumba macho. Alisema alidhani wenyeji wake walikuwa pamoja naye. Nikatafsiri na hilo pia, "nilidhani mko pamoja nami", na likasikika la kitoto, au labda mimi ndiye niliyelifanya hivyo.

Kanali akauliza, "Wewe mama, si ndiye wa redioni ile Ijumaa?"

Mkalimani hajibu maswali. Hilo ni la kwanza unalofundishwa, maana ukijibu umeshaingia ugomvini. Nikajibu kwamba mimi ndiye.

"Tulikuwa tunakusikiliza hapa kituoni," akasema. "Unajua kuongea."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia kwa maneno yangu mwenyewe, "Kanali, huyo mkunga ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake. Kisha akasema, "Pole, dada. Nami nina dada yangu ameolewa huko huko." Akakata.

Mzee aliuliza amesema nini, nikamwambia. Akachukua simu nyingine, akapiga kwao, kwa waziri wake, awapigie wakubwa wetu. Wakamwambia asubiri. Nilikuwa nimekaa karibu nikausikia muziki wanaomwekea mtu asubiri, kinanda fulani kinachorudia pale pale. Tulisubiri robo saa nzima, yeye kashika simu, mimi nimeshika tama. Mwisho msichana akarudi kwenye laini akasema waziri ameingia kikaoni na je, angependa kuacha ujumbe? Huyu ndiye mtu niliyewaambia watu wamtegemee.

Aprili 10

Simu ya mdogo wangu haiiti. Wala ya shemeji.

Aprili 12

Waangalizi arobaini wameondoka na magari yao meupe. Nchi zao zimewaita. Geti lilifunguliwa dakika sita ili wapite, kisha likafungwa. Dakika sita. Mtoto wa miaka minne angelivuka kwa miguu.

Aprili 13

Haiiti.

Aprili 15

Mabomu yameangukia upande wetu pia, shamba la watu, ng'ombe tu ndio waliokufa. Jioni redio imesema nasi tunajilinda. Maana yake ninaijua, nimeitafsiri mara mia kwa ajili ya wengine. Tumeingia. Tulianza na nchi mbili vitani na wakubwa watatu wakizizuia, sasa ni nchi tatu, na wakubwa wamefika wanne.

Mama ameweka simu kwenye bakuli la udongo juu ya meza kwa kuwa mtu fulani alimwambia mlio unasikika vizuri zaidi. Tunakula tukiliangalia bakuli.

Aprili 16

Haiiti. Mvua kubwa, paa la choo limevuja.

Aprili 19

Nimerudi kibandani. Sina sababu nzuri. Nyumbani siwezi kukaa na bakuli lile.

Mwalimu amepona nusu. Nilimwambia nataka kuacha kazi. Akasema kazi yetu ni bomba, maji machafu yakipita bomba halina kosa. Nilimjibu vibaya, nikamwambia watu hawanywi bomba, wananywa maji, na yeye amewahi kunywa? Ana umri wa baba yangu. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Sijamwomba radhi bado.

Ukumbini bwana wa pete mbili sasa amevaa hedifoni muda wote na anasikiliza kwa makini. Anaweza, ameshapata alichotaka. Mji wa mpakani umeangukia mikononi mwao.

Aprili 20

Mzee Wasiwasi ametoa tamko. Ni wasiwasi mkubwa mno. Nilitafsiri.

Aprili 26

Namchukia, kisha namwonea huruma, kisha nakumbuka kwamba Jumamosi ile yeye hakuwa na namba ya simu ya mdogo wangu. Mimi nilikuwa nayo.

Aprili 30

Haiiti.

Mei 4

Geti limefunguliwa. Hakuna aliyelishurutisha jeshi letu. Mstari wa mapigano umesogea mbele, mifuko ya mchanga imehamishiwa kwingine, basi geti halina kazi tena. Ndivyo askari mmoja alivyomweleza mwandishi wa habari, huku akipiga miayo.

Saa tisa likatoka tamko kwamba mataifa yanapokea kwa furaha matunda ya juhudi za usuluhishi. Ilikuwa zamu yangu. Mwalimu alinyoosha mkono akanivua hedifoni polepole, akazivaa yeye, akalisoma tamko zima kwa kifua chake kibovu bila kukohoa hata mara moja. Nilimwomba radhi kwenye ngazi. Akasema radhi ya nini, hakumbuki.

Mei 6

Wamekuja.

Tuliwakuta kwenye shule ya msingi karibu na stendi, madarasa yamejaa watu waliovuka. Mama ndiye aliyewaona kwanza. Mdogo wangu amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani, binti mdogo yuko mapajani na binti mkubwa amesimama nyuma yake ameshika kola yake. Amekonda. Nywele amenyoa. Nilitazama nyuma yao kumtafuta shemeji, nikatazama mlangoni, nikatazama uwanjani, na yeye aliniacha nitazame kote kabla hajatikisa kichwa.

Bomu lilianguka tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi, kwenye foleni mbele ya geti. Shemeji alikuwa amelala chini ya lori anafunga kitu. Mdogo wangu na watoto walikuwa wamekwenda kutafuta kivuli. Walimzika siku ile ile pembeni mwa kliniki ya mdogo wangu, wanawake aliowazalisha ndio waliochimba.

Tarehe kumi na moja mimi nilikuwa wapi? Nilitazama daftari hili nijue nilifanya nini siku hiyo, nikakuta sikuandika kitu.

Mei 9

Wamelala, wameoga, wamekula. Binti mkubwa haongei sana. Mdogo anamfuata Mama mpaka chooni.

Asubuhi hii jua limetoka, la kwanza kwa wiki nzima, na mdogo wangu akasema anataka kufua. Nilimwambia apumzike, akasema akipumzika anamwona. Tukatoa mabeseni nje. Tulifua mpaka tukafika kwenye mashuka, ambayo mtu mmoja hawezi kuyakamua vizuri, akashika ncha ile, mimi nikashika hii, tukaanza kusokota.

Akaanza kuhadithia mwenyewe, sikumuuliza. Alisema ile Ijumaa mchana mizigo ilikuwa imeshapakiwa, hawakutaka kusubiri Jumamosi. Magodoro juu ya lori, sufuria, mashine yake ya kupima presha, watoto wameshapandishwa. Shemeji ameshawasha injini. Redio ya jirani ilikuwa dirishani. Akamwambia mume wake azime injini wasikie vizuri. Wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia shusha magodoro.

Nilikuwa na jibu, nimelibeba mwezi mzima. Nikamwambia yale hayakuwa maneno yangu. Nilimweleza jinsi kazi ilivyo, kwamba mtu akisema "mimi" nami nasema "mimi", kwamba yule aliyetoa neno lake ni mzee, siyo mimi, mimi nilikuwa napitisha tu. Nilieleza vizuri, nadhani. Nimeshawaeleza wageni wengi.

Aliendelea kusokota shuka mpaka maji yakaacha kutoka.

"Tulijua ni maneno ya yule mzee," akasema. "Baba watoto alikuwa anamcheka kila siku. Angesema mwenyewe, tungeondoka."

Akalichukua shuka mikononi mwangu, akaenda kulianika.